UZI: Plastiki ya kupimia damu leba. Mililita 300 au 500, na kwa nini kila kitu kianze kwa mpigo

#1 MkungaWaZamu

Wadau wa leba, habari za zamu. Maswali kuhusu ile plastiki yenye mistari ya vipimo inayowekwa chini ya mama, na utaratibu wa E-MOTIVE wa kutambua na kutibu mapema anayevuja damu baada ya kujifungua, yametapakaa kwenye nyuzi tano tofauti, na majibu mengine ni ya kusikia kwenye semina. Tuyakusanye hapa.

Utafiti wenyewe ulitoka Mei 2023 kwenye New England Journal of Medicine, ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham pamoja na WHO. Hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Kura ilipigiwa hospitali nzima, si mama mmoja mmoja: hizi zifuate utaratibu mpya, hizi ziendelee na mazoea yao. Waliohesabiwa ni wanawake 210,132 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Waliovuja lita 1 au zaidi, au waliopasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au waliofariki kwa damu, walikuwa asilimia 1.6 upande wa utaratibu mpya na asilimia 4.3 upande wa mazoea.

Namba ninayowaomba muikariri ni nyingine. Upande wa mazoea, kati ya wanawake 100 waliovuja damu kupita kiasi, 51 tu ndio waliotambuliwa. Upande wa plastiki ni 93. Na kule kwenye mazoea nako plastiki iliwekwa chini ya mama, ila haikuwa na mistari. Damu ilipimwa kwa mizani kwa ajili ya watafiti, mkunga akaendelea kukadiria kwa jicho. Kwa hiyo damu ilikuwepo, imekusanywa, na nusu ya wagonjwa hawakuonekana. Jicho hupunguza, na linapunguza zaidi damu inapokuwa nyingi.

Jambo la pili ni ule mpigo. Tulivyofundishwa wengi: oksitosini ya kukaza kizazi, subiri. Hakijakaza, ongeza misoprostoli, subiri. Bado, mwite daktari. Kila "subiri" ni dakika kumi hadi ishirini. E-MOTIVE inaondoa ngazi hizo: damu ikigonga mstari, kukanda kizazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki (dawa ya kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke), maji ya mshipani na uchunguzi vyote vinaanza pamoja, vikamilike ndani ya dakika 15. Hakuna dawa hata moja mpya hapo. Zote ziko kabatini.

#2 Sista_Tanga

Asante kwa kufungua. Niongeze upande wa mikono, maana plastiki ikiwekwa vibaya inadanganya kuliko jicho.

Iwekwe chini ya makalio mtoto akishatoka, kabla ya kondo. Ukiiweka mapema, maji ya uzazi na mkojo vinaingia, unasoma 400 kumbe damu ni 100. Kama ilishawekwa, soma kiwango mtoto anapotoka, kiandike, halafu ukitoe kwenye hesabu.

Mfuko wake uning'inie wazi ukingoni mwa kitanda, usiwe na mkunjo. Kosa ninaloliona likirudiwa kwenye kila mafunzo ni damu kubaki imetuama juu, kati ya mapaja, wakati mfuko chini unaonyesha 150. Kabla ya kusoma, isukume kwa kiganja iteremke. Inua kichwa cha kitanda kidogo ili iteremke yenyewe. Kisha inama, macho yawe usawa wa mstari. Ukisoma ukiwa umesimama, kiwango unachokiona si chenyewe. Madonge yanahesabiwa, usiyaokote ukayatupa kwenye ndoo.

Gozi na pedi ulizotumia kushona msamba haziko kwenye mstari. Zipime kwa mizani ya mtoto: toa uzito wa gozi kavu, kila gramu 1 ihesabu kama mililita 1. Damu ni nzito kidogo kuliko maji, lakini kitandani tofauti hiyo haibadilishi uamuzi.

Plastiki ikae saa nzima, saa 2 kama bado inatiririka. Wengi wanaitoa dakika ya 20 kwa sababu kuna mama mwingine anahitaji kitanda. Basi mhamishe na plastiki yake.

#3 Takwimu_254

Nakubali mengi, lakini tusiuze maneno. Matokeo makuu yalikuwa mkusanyiko wa vitu vitatu, na kilichoshuka kwa kishindo ni kuvuja lita 1 na zaidi. Vifo vyenyewe vilikuwa vichache pande zote mbili, na ukivitazama peke yake tofauti haikuthibitika kitakwimu. Haimaanishi kwamba haikuokoa mtu. Kwa matukio machache kiasi hicho, hata utafiti wa watu laki mbili hauwezi kutoa jibu. Lakini mtu akisimama kwenye mkutano akasema "imepunguza vifo kwa asilimia 60", hiyo si ripoti ile.

La pili: waliojifungua kwa upasuaji hawakuwemo. Thieta ina maji ya uzazi kwenye chupa ya kunyonyea, ina mop (vitambaa vya kufyonza damu), ina mambo yake. Usichukue namba za leba ukazibandika kule.

La tatu, sifa nyingi inapewa plastiki. Hospitali zile zilipewa pia boksi au toroli ya dharura, mafunzo ya hapo hapo kazini, mkunga na daktari wa kusimamia utaratibu, na taarifa za kila mwezi za namba zao wenyewe. Ukinunua plastiki 500 ukazigawa bila hayo, umenunua plastiki 500.

#4 Mwanagenzi

Wakubwa shikamooni. Darasani tunafundishwa mililita 500 ndiyo kuvuja damu baada ya kujifungua. Wodini tunaambiwa 300. Kwenye mtihani niandike ipi na kitandani nifuate ipi? Na 300 si kawaida kwa wanawake wengi? Si tutawatibu wazima?

#5 MkungaWaZamu

Marahaba. Vyote viwili, ila 300 haisimami peke yake.

Mwongozo wa pamoja wa WHO, FIGO (shirikisho la madaktari wa uzazi duniani) na shirikisho la wakunga duniani uliotolewa Oktoba 2025 unasema hivi: anza matibabu damu ikifika 500, au ikifika 300 pamoja na dalili moja isiyo ya kawaida, chochote kitakachotangulia. Dalili zenyewe: mapigo ya moyo zaidi ya 100, presha ya juu chini ya 100, presha ya chini chini ya 60, au mapigo yakigawanywa kwa presha ya juu yakapita 1. Hesabu hii ya mwisho ifanyeni hata kwa kichwa. Mapigo 110, presha 100/70: 110 gawanya kwa 100 ni 1.1. Huyo mama anaongea, anamtazama mwanawe, lakini mwili wake umeshaanza kufidia.

Msingi wa 300 ni uchambuzi uliounganisha takwimu za wanawake zaidi ya 300,000. Ulionyesha kwamba ukisubiri 500 peke yake unawakosa wengi wanaoishia pabaya, na ukitumia 300 peke yake unawatibu wengi wasiohitaji. Ukiunganisha 300 na dalili, unapata uwiano unaobebeka. Kwa hiyo hofu yako ya kutibu wazima ni ya haki, na ndiyo sababu dalili ikaongezwa.

Lakini hilo linadai kitu ambacho plastiki haiwezi kukufanyia: kila dakika 15 kwa saa ya kwanza upime mapigo, presha, mtiririko wa damu, na uguse kizazi kama kigumu au kimelegea. Mara nne. Mama mwenye upungufu wa damu tangu kliniki, hemoglobini 7, hana akiba ya kungoja 500 yoyote.

Na tofautisha kugusa na kukanda. Kama kimekaza na oksitosini ya kinga alishapewa, hakuna haja ya kumkanda mfululizo, unamuumiza bure. Kugusa ni kwa wote, kukanda ni kwa aliyelegea au anayevuja.

#6 DawaNaDozi

Ngoja nijazie dozi, maana hapo ndipo watu wanapochanganya.

Oksitosini ya matibabu si ile yuniti 10 ya msulini uliyompa mtoto alipotoka. Hiyo ilikuwa kinga. Sasa ni yuniti 10 ndani ya mililita 200 hadi 500 za salaini au ringa (maji ya dripu), iingie kwa dakika 10, yaani roda, kile kigurudumu cha dripu, uifungue yote. Baada ya hapo yuniti 20 ndani ya lita 1 kwa saa 4. Lita 1 kwa saa 4 ni mililita 250 kwa saa. Kwa seti ya matone 20 kwa mililita, ni kama matone 83 kwa dakika. Usisukume yuniti 10 mshipani kwa pigo moja, presha inadondoka kwa mama ambaye tayari imeshuka.

Asidi ya traneksamiki gramu 1. Ampuli nyingi ni miligramu 500 kwa mililita 5, hivyo ni ampuli mbili, mililita 10, mililita 1 kila dakika. Dakika kumi kamili. Huna mkono wa kukaa na sirinji? Iweke kwenye salaini mililita 200 itiririke dakika hizo hizo, kwa mshipa wa pili. Damu ikiendelea baada ya dakika 30, au ikianza upya ndani ya saa 24 tangu dozi ya kwanza, rudia gramu 1. Mwisho wa kuanza ni saa 3 tangu mtoto atoke. Utafiti wa WOMAN wa 2017, wanawake 20,060 katika nchi 21, ndio uliotuonyesha kwamba faida iko kwenye saa hizo 3, na ndani yake kila dakika 15 za kuchelewa hula takriban sehemu moja ya kumi ya faida. Kwa hiyo traneksamiki kama "dawa ya mwisho" baada ya vyote kushindikana ni kuipoteza.

Kuna waliodhani basi tuwape wote mapema kama kinga, hasa wenye upungufu wa damu. Swali hilo lilijaribiwa: WOMAN-2, wanawake 15,068 wenye upungufu wa damu wa wastani au mkali, Tanzania, Zambia, Nigeria na Pakistani, matokeo 2023. Hayakuonyesha faida ya kuzuia. Inatibu, haikingi.

Tahadhari moja ninayoirudia kila mahali: ampuli zake zinafanana na za bupivakaini ya ganzi ya uti wa mgongo. WHO ilitoa onyo 2022 kwa sababu traneksamiki ilidungwa kwenye uti wa mgongo kimakosa na watu wakafa. Isikae trei moja na dawa za ganzi, isihifadhiwe thieta kwenye droo ya ganzi.

Misoprostoli ya matibabu ni mikrogramu 800 chini ya ulimi, vidonge 4 vya 200. Tarajia homa na kutetemeka. Ergometrini miligramu 0.2, kamwe kwa mwenye presha.

Na friji! Oksitosini ni nyuzi 2 hadi 8. Ampuli iliyolala wiki kwenye trei ya leba ya Lindi au Mombasa mwezi wa pili inaonekana sawasawa na iliyotoka friji jana. Nguvu yake ndiyo haionekani. Kabetosini isiyoharibiwa na joto, mikrogramu 100, inavumilia hadi nyuzi 30, na utafiti wa 2018 wa wanawake 29,645 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo, uliiona haipitwi na oksitosini katika kukinga. Ila ni ya kukinga baada ya mtoto kutoka. Usiitumie kuongeza uchungu hata kwa ndoto, haizimiki.

#7 Leba_Mbili

Yote mazuri. Sasa niambieni mkunga mmoja usiku, wamama wanne, mhudumu mmoja wa usafi. "Vyote kwa mpigo" vinafanyikaje na mikono miwili?

#8 Sista_Tanga

@Leba_Mbili swali la haki. Kwa mpigo si kwa sekunde moja. Ni kutongoja jibu la hatua moja ndipo uanze nyingine. Mpangilio unaobebeka ukiwa peke yako:

Piga kelele. Mhudumu wa usafi hachomi sindano, lakini anaweza kuleta boksi, kupiga simu na kuandika muda. Mkono wako mmoja uko juu ya kizazi tayari: kikande kwa dakika moja, au hadi kikaze, na madonge yatoke. Kisha kanula ya mshipani, kijani au ya kijivu (nene), si ya pinki (nyembamba). Damu ya kupima kundi na ya kulinganisha na ya kuongezewa itoke hapo hapo kabla hujaunganisha dripu. Chupa yenye oksitosini yuniti 10, fungua yote. Traneksamiki ndani ya salaini 200, mshipa wa pili. Hapo ni kama dakika 6 au 7, na dawa zinaingia zenyewe. Mikono yako imerudi huru.

Sasa chunguza. Kibofu kwanza: katheta, kwa sababu kibofu kilichojaa kinasukuma kizazi juu na hakitakaza hata umpe dawa ya duka zima. Kondo lilivyotoka, ligeuze, vipande vimekamilika? Halafu taa, na angalia mlango wa kizazi, kuta za uke, msamba. Kizazi kigumu na damu nyekundu inachuruzika bila kukoma ni mchaniko hadi uthibitishe vinginevyo. Hapo oksitosini haitashona.

Maji ya ziada ni kwa anayeonyesha mshtuko. Lita nne za baridi kwa mama aliyepoteza 600 zinapunguza uwezo wa damu kuganda. Yakipashwa joto kidogo, bora.

#9 Zahanati_Bara

Huku kwetu plastiki yenye mistari hatujaiona. Tufanyeje?

#10 MkungaWaZamu

Pima kwa mizani, ndugu. Karatasi ya plastiki ya kawaida chini ya makalio, imiminie kwenye jagi lenye vipimo, na pedi zote zipimwe kama Sista alivyoeleza. Si kamili lakini inazidi jicho kwa mbali.

Na tusisahau kwamba jambo hili lina historia ya hapa hapa. Miaka ya 2000, huko Kigoma, wakunga wa jadi walifundishwa kutumia kanga. Ukubwa wake unajulikana, kama sentimita 100 kwa 155, na kanga mbili zikilowa chapachapa ni takriban nusu lita: hapo walitoa misoprostoli. Wazo lile lile la mstari, kwa kitambaa.

#11 Takwimu_254

Kanga ilikuwa kipimo cha nyumbani kwa dawa moja, ila. Ukiwa na mizani kituoni usirudi kwenye kanga. Na kanga nzito ya pamba na ile nyepesi ya kisasa hazinywi sawa.

#12 MkungaWaZamu

Kweli kabisa.

#13 DktWilayani

Nimesoma kimya, niongeze herufi ya mwisho ya E-MOTIVE, ile ya kupandisha ngazi, yaani kuita msaada wa juu. Hatua zote zimefanyika, dakika 15 zimepita, bado anavuja: usirudie mzunguko ukitumaini. Ita, na wakati unaita, bana kizazi kwa mikono miwili: ngumi moja ndani ya uke mbele ya mlango wa kizazi, mkono mwingine tumboni nyuma ya kizazi, uvibane kati yake. Inachosha, badilishaneni kila dakika chache. Kubana mshipa mkuu ni juu kidogo ya kitovu, kushoto. Ukishika paja na mapigo yamepotea, umebana sawasawa. Nguo ya kubana ya kuzuia mshtuko mfungie kuanzia vifundoni kupanda juu, na hapana kuivua njiani ili "apumue".

Kondomu iliyofungwa kwenye katheta na kujazwa maji mililita 300 hadi 500 tunaipenda kwa sababu ni rahisi. Ila utafiti uliofanyika Uganda, Misri na Senegali, uliochapishwa 2019, ulikuta upasuaji na vifo kwa pamoja vimeongezeka baada ya kuianzisha, si kupungua. Tafsiri yangu: watu waliiweka wakapumua, wakachelewa kumpeleka mama mahali penye kisu na damu. Mwongozo unaitaka pale tu ambapo upasuaji na damu ya kuongeza vinapatikana. Kwa zahanati, muda wa kuijaza ni muda wa gari.

Karatasi ya rufaa iandike namba: damu mililita ngapi, dawa gani saa ngapi. "Anavuja sana" haimsaidii anayempokea kujua kama traneksamiki ya pili imeshafika wakati wake.

#14 Mwanagenzi

Na mtoto wakati huu wote yuko wapi?

#15 Sista_Tanga

Kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kafunikwa, mradi mama ana fahamu na mtu anamtazama mtoto uso na rangi. Kitovu kimekatwa baada ya dakika 1 hadi 3, si kwa haraka ili "tuwahi plastiki". Plastiki inaingia chini wakati kitovu bado kinapiga. Kunyonya kunasaidia kizazi kukaza. Mama akianza kulegea au macho yanapotea, mtoto anahamishwa kwa ndugu au kwenye meza ya joto mara moja, kwa sababu mikono yake haimshiki tena.

#16 Takwimu_254

Kwa wanaouliza kuhusu mafunzo: siku mbili hotelini kisha kimya cha mwaka mzima hazileti kitu. Mradi wa Safer Births wa Tanzania, vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ulichapishwa 2025. Nguzo yake ilikuwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara wodini, kwa mama wa bandia na mtoto wa bandia, yakiongozwa na wakunga wa hapo hapo. Vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na muda mfupi baadaye vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila watoto 1,000. Dakika kumi kabla ya kukabidhiana zamu zinatosha zoezi moja.

#17 Leba_Mbili

Naomba orodha ya boksi, nibandike kesho.

#18 DawaNaDozi

Kanula namba 16 mbili na 18 mbili. Seti za dripu mbili. Salaini lita 1 mbili, na ya mililita 200 au 250 mbili. Traneksamiki ampuli 4 (dozi mbili). Misoprostoli vidonge 4. Sirinji za mililita 10 na 5. Chupa za damu za kupimia kundi. Glavu ndefu jozi mbili, katheta na mfuko wa mkojo, gozi, uzi wa kushonea, tochi yenye betri. Kalamu na fomu ya muda. Plastiki mbili.

Oksitosini usiiweke humo. Weka kadi nyekundu iliyoandikwa "OKSITOSINI: FRIJI, RAFU YA JUU, AMPULI 5" na hizo ampuli 5 zifungwe pamoja na mpira huko friji, asizichomoe mtu kwa kinga ya kawaida. Boksi lizibwe kwa plasta yenye tarehe na sahihi: plasta ikiwa nzima, zamu inayoingia haina haja ya kuhesabu upya, ikiwa imekatwa, aliyelitumia analijaza kabla hajaondoka. Tarehe ya kuisha ya dawa inayotangulia kuisha iandike juu ya mfuniko, nje.